UCHAMBUZI: Msimu bora wa kuzuru Fort Jesus si Desemba

KILA mwaka shule zinapofungwa kwa likizo ndefu, safari ya kuteremka Pwani huanza. Nauli za mabasi hupanda, tiketi za treni ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa huisha siku kadhaa kabla ya safari, nacho kivuko cha Likoni hufurika watu na magari. Kufikia wiki ya Krismasi, lango la Fort Jesus huwa limezingirwa na familia kutoka bara, watoto mkononi, jua la utosi likiwachoma.

Nenda penye lango hilo hilo mwezi wa Mei. Utawakuta waongozaji wageni wameketi chini ya paa wakitazama mvua, nao wauza vinyago wamefunika bidhaa zao kwa turubai. Anayefika siku hiyo huenda akaizunguka ngome nzima bila kukutana na wageni kumi.

Ngome ni ile ile. Kinachotofautiana ni kalenda, na kalenda hiyo hatukuiandika sisi.

Swali la ni lini mtu azuru turathi ya kitaifa laweza kuonekana dogo, la kuachiwa wenye kampuni za safari na hoteli. Hata hivyo, swali hilo linagusa riziki ya maelfu ya Wapwani, uhai wa majengo ambayo hayawezi kujengwa upya, na kile ambacho mtoto wa Kenya hujifunza, au hukosa kujifunza, kuhusu nchi yake.

Tuanze na asili ya kalenda yenyewe. Utalii wa Pwani ulijengwa katika miongo iliyofuata uhuru ukimlenga hasa mgeni kutoka Ulaya: Mwingereza, Mjerumani, Mwitaliano. Huyu huja akikimbia baridi ya kwao, ambayo huwa kali zaidi kati ya Desemba na Machi. Kwa hivyo vitabu vya safari vikaandika kwamba miezi hiyo ndiyo bora, na sisi tukaunakili ushauri huo bila kuuliza uliandikiwa nani.

Kwa mgeni wa Munich, ushauri huo ni sahihi kabisa. Anatafuta jua, na jua atalipata. Lakini Mkenya atokaye Kitale au Kisii hana njaa ya jua. Anachohitaji anapoingia katika ngome ya mawe isiyo na kivuli cha kutosha ni hewa ya kumwezesha kutembea, kusikiliza na kutazama bila kukimbilia soda baridi baada ya dakika 15.

Ukweli ni kwamba Desemba imeingia katika mazoea yetu kwa sababu nyingine pia. Ni mwezi wa Krismasi, mwezi wa likizo ya shule, na mwezi ambao mwajiri aghalabu humruhusu mfanyakazi kupumzika. Hizo ni sababu za haki. Tatizo ni pale mazoea yanapogeuzwa kuwa kanuni, mzazi akaamini kwamba Pwani hufunguliwa Desemba na kufungwa Januari.

Wenyeji wa mwambao hawakuwahi kufikiri hivyo. Kwao mwaka ulipimwa kwa pepo mbili kuu: kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, na kusi, inayoshika zamu kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Baina ya pepo hizo ni kipindi cha tanga mbili, ambapo upepo hauna uamuzi. Mabaharia na wakulima walihesabu mwaka wao wa jua, ulioanza kwa siku ya Nairuzi, kwa miongo ya siku kumi kumi, ili wajue lini kusafiri na lini kupanda.

Ukiufuata mpangilio huo, utapata picha tofauti na ile ya vitabu vya safari. Januari hadi Machi ni kaskazi, wakati wa joto. Katika Februari na Machi joto la mchana mjini Mombasa hufikia nyuzi 32 hadi 33, na unyevu wa hewa hulifanya lionekane kali zaidi. Mwishoni mwa Machi au Aprili masika huingia, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi mjini humo.

Kisha huja kipupwe, majira ya ubaridi ya Juni hadi Agosti. Joto la mchana hushuka hadi takriban nyuzi 28 mnamo Julai, na upepo wa kusi huvuma kutoka baharini siku nzima. Baada yake ni demani, ambapo kusi hupungua nguvu na bahari kutulia, kabla ya mvua za vuli ambazo kwa kawaida huja kati ya Oktoba na Desemba.

Hapo ndipo lilipo jibu. Kwa anayetaka kuiona ngome, na si ufuo pekee, kipindi bora ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Agosti kinawafaa wenye watoto shuleni, kwa kuwa kina likizo yake. Septemba ni bora kuliko yote kwa asiyefungwa na ratiba ya shule.

Haifai kuficha kasoro za kipindi hicho. Kusi ya Juni na Julai ina nguvu, bahari huchafuka, na mwani hutapakaa ufuoni. Anayetaka kupiga mbizi kutazama samaki na matumbawe, au kusafiri kwa jahazi hadi visiwani, atapata raha zaidi wakati wa kaskazi, bahari inapokuwa tulivu na maji maangavu. Ila ngome haielei baharini. Upepo unaomkera mwogeleaji ndio unaomfariji mtembeaji juu ya kuta za mawe.

Kuna sababu nyingine ya kuuzingatia upepo: bila upepo huo, historia ya Fort Jesus haieleweki.

Vasco da Gama alipowasili Mombasa Aprili 1498, alikosana na wenyeji na kusonga hadi Malindi, ambako alipokewa vyema na kupewa rubani. Aling'oa nanga Aprili 24, kusi ikiwa inaanza, na kufikia Mei 20 alikuwa ametia nanga karibu na Calicut nchini India. Safari hiyo ilichukua siku chache kuliko mwezi mmoja.

Kurudi kulikuwa kisa kingine. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo, kabla ya kaskazi kushika vyema. Alihangaika baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakifa kwa ugonjwa wa kiseyeye, hadi alipofika tena Malindi Januari 7, 1499. Bahari ilikuwa ile ile. Alichokosea ni msimu, jambo ambalo nahodha yeyote wa Malindi alilijua.

Wareno walirudi na kuijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Miaka 100 baadaye, msimu uliwaadhibu tena. Mnamo Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome, na mzingiro ukadumu kwa karibu miaka mitatu. Maradhi na njaa viliwaangamiza wengi waliokuwa ndani, Wareno pamoja na wenyeji wa Pwani waliowaunga mkono.

Msaada ulitegemea meli kutoka Goa, na meli hizo nazo zilitegemea pepo. Ngome ilianguka Desemba 1698. Siku chache baadaye, meli za kuiokoa zikatokea na kukuta yote yamekwisha. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mgeni anayesimama juu ya ukuta unaotazama mlango wa bahari mwezi wa Agosti, kusi ikimpiga usoni, hahitaji maelezo marefu ili afahamu kwa nini meli ya kutoka India haingeweza kuja siku ambayo ilihitajika. Anayesimama hapo Januari, akauhisi upepo ukitoka upande mwingine, huona ni vipi majahazi ya Arabuni na Ghuba ya Uajemi yaliletwa hadi bandarini. Ndiyo maana nashikilia kuwa kuchagua msimu ni sehemu ya kujifunza historia yenyewe.

Mwandishi wa makala haya alifika Fort Jesus mara ya kwanza akiwa mwanafunzi, katika ziara ya shule iliyopangwa Machi. Tulifika saa saba mchana tukiwa wengi, tukapitishwa kwa kasi kutoka mzinga hadi mzinga kwa dakika 40, kisha tukarudishwa garini. Nilichokumbuka kwa miaka mingi ni kiu.

Nilirudi nikiwa mtu mzima, asubuhi moja ya Septemba. Nilisimama nusu saa nzima mbele ya ukuta wenye michoro iliyochorwa na Wareno waliokaa ngomeni, picha za meli na samaki, kazi ya watu waliokuwa wakiisubiri meli. Nilitazama vitu vilivyoopolewa kutoka kwa meli ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka wa 1697 na kuchunguzwa na wanaakiolojia tangu 1977. Vyote hivi nilielezwa katika ziara ile ya kwanza. Sikuwa nimesikia lolote.

Swali ni je, ni watoto wangapi hurudi makwao na kiu badala ya historia? Walimu wengi hupanga ziara za Pwani katika muhula wa kwanza, joto linapokuwa kali, au siku za mwisho kabla ya kufunga shule, wakati kila shule nyingine imefikiria hivyo hivyo. Muhula wa pili una wiki kadhaa baada ya masika kupungua, ambazo zingefaa zaidi. Mpango wa kuzitumia hauhitaji bajeti mpya. Unahitaji mwalimu mkuu kuitazama kalenda mapema.

Tukitoka kwa mgeni, tuliangalie jengo lenyewe. Fort Jesus ilitangazwa kuwa turathi ya dunia na UNESCO mwaka wa 2011. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya mwamba wa matumbawe, vitu ambavyo huliwa na chumvi, mvua na mawimbi. Mwamba wa upande wa bahari ulikuwa umemomonyoka kiasi cha kutia hofu, ikabidi ukuta wa kuyazuia mawimbi ujengwe mwishoni mwa miaka ya 2010.

Jengo la namna hiyo halipendi msongamano. Watu elfu moja wakigawanywa katika siku 20, mwongozaji humfikia kila mmoja na ngazi hupumzika. Watu hao hao wakija siku moja, wengine watapanda palipokatazwa, wengine watagusa kisichofaa kuguswa, na hakuna mlinzi atakayewaona wote. Mafundi nao wanahitaji miezi ya ukavu ili kazi ya chokaa ishike vyema. Kwa hivyo kuwasambaza wageni mwaka mzima si suala la biashara tu. Ni njia mojawapo ya kuhifadhi.

Hata hivyo, biashara haiwezi kupuuzwa. Mwongozaji asiye na mshahara, mpiga picha wa langoni, mwenye tuktuk, mama anayeuza mahamri na kahawa katika Mji wa Kale, wote hao hula kwa kalenda. Wanachovuna Desemba hukigawanya hadi msimu mwingine, na karo ya Mei hulipwa kwa deni. Msimu mmoja ukiharibika, mwaka mzima umeharibika.

Na msimu umewahi kuharibika. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliripuka katikati ya wakati ambao hoteli za Pwani hutegemea zaidi, wageni wakafuta safari na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mwaka wa 2020 janga la korona lilifunga kila kitu. Mvua kubwa za El Nino mwishoni mwa 2023 zilikata barabara na kuvuruga safari katika miezi ile ile ambayo Wapwani walikuwa wakiisubiri. Asiye na tegemeo ila mwezi mmoja hana kinga.

Hapa pana jambo ambalo wapangaji wa utalii hawana budi kulikabili mapema. Chini ya Katiba ya 2010, uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Ndivyo ilivyokuwa 2017 na 2022, na ndivyo itakavyokuwa 2027. Mwezi ambao hali ya hewa humfaa zaidi Mkenya kuzuru Pwani ndio mwezi ambao, kila baada ya miaka mitano, wengi huogopa kusafiri au hurudi vijijini kupiga kura. Mwaka huo Septemba na mwanzo wa Oktoba zitahitaji kunadiwa kwa bidii zaidi, la sivyo kipupwe kitapita bila faida.

Aidha, si kila turathi hufuata kanuni moja. Magofu ya Gede karibu na Watamu, yaliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2024, yamo ndani ya msitu. Vivuli vya miti yake mikubwa huyafanya yavumilike hata katika joto la Februari, ilhali wakati wa masika njia zake huteleza na mbu huzidi. Anayelazimika kusafiri Januari au Februari aipe Gede mchana na Fort Jesus asubuhi mapema.

Lamu nayo, iliyo turathi ya dunia tangu 2001, ina kalenda ya tatu juu ya zile za pepo na shule. Maulidi yake mashuhuri huadhimishwa katika Mfunguo Sita, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, sherehe hizo husogea nyuma kila mwaka. Katika miaka hii ya katikati ya muongo wa 2020 zimekuwa zikiangukia majira ya demani na kuelekea kipupwe, yaani hali nzuri ya hewa na sherehe vimekutana. Nafasi kama hiyo haidumu. Baada ya miaka kadhaa Maulidi yatakuwa yamerudi hadi masika.

Vivyo hivyo, mgeni aulize Ramadhani inaanguka lini. Si kwamba haruhusiwi kuja. Mji wa Kale wa Mombasa usiku wa Ramadhani una uchangamfu wake. Ila mchana mikahawa mingi hufungwa, na heshima humtaka mgeni asile wala kunywa hadharani mbele ya waliofunga.

Huko bara, kuta za mawe za Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, zilizotambuliwa na UNESCO mwaka wa 2018, hazijui kusi wala kaskazi. Huko cha kuzingatia ni barabara na mvua za Machi hadi Mei.

Ni hatua gani basi zichukuliwe? Kwanza, Makavazi ya Kitaifa (NMK) tayari humtoza raia ada ya chini kuliko mgeni wa nje. Ada hiyo ingeweza kupunguzwa zaidi katika miezi yenye upungufu wa wageni, hasa kwa shule na familia. Mei 18 ni Siku ya Makavazi Duniani, na huangukia katikati ya masika. Ingefaa itumiwe kuwavuta wenyeji wa Mombasa wenyewe, ambao hawahitaji kusafiri mbali na ambao wengi wao huipita ngome kila siku bila kuingia.

Pili, kaunti za Pwani ziache kuitangaza Desemba, kwa kuwa Desemba hujitangaza yenyewe. Shilingi inayotumiwa kumwita mgeni ambaye angekuja hata hivyo ni shilingi iliyopotea. Itumiwe kumwambia Mkenya wa bara kuhusu Julai, Agosti na Septemba.

Tatu, waajiri wanaweza kuwaruhusu wafanyakazi wachukue sehemu ya likizo zao Agosti, pamoja na watoto wao.

Na kwa yule ambaye Desemba ndiyo nafasi yake pekee, asikate tamaa. Aende wiki mbili za kwanza za mwezi kabla ya umati kuteremka, achague siku ya kazi badala ya wikendi, na awe langoni mapema asubuhi. Amlipe mwongozaji anayeijua ngome badala ya kuzunguka peke yake. Akifanya hivyo atakuwa amejitengenezea demani yake ndogo katikati ya kaskazi.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili. Mwenyeji wa Fort Jesus amekuwa akipona mwezi mmoja na kuugua miezi iliyosalia. Dawa yake haiko Ulaya pekee, wala haingoji theluji ianguke. Iko kwa mzazi wa Nakuru au Machakos ambaye, likizo ya Agosti itakapokaribia, atafungua kalenda na kuamua kwamba mwaka huu hatangoja Krismasi.